Kura Zangu Mbili za Injini Mseto

Jumapili, 4 Agosti 2002

Tumemwosha Malkia. Mimi magurudumu, Mpondele vioo, Sharifu mdomo. Gari ni lake, kwa hiyo kazi yake ni kusimama kivulini na kikombe cha kahawa akionyesha pale palipobaki pachafu. Jana lilipeleka maharusi Kongwa, limerudi jekundu kwa vumbi. Salun ndefu vile, nyeupe, viti vya ngozi, injini isiyojua kukohoa, halafu inapitishwa makorongoni kwa ajili ya picha za harusi. Roho inaniuma.

Kisha ubishi. Mpondele ni dereva wa wizara. Juzi alimpeleka bosi wake Dar, akanunua gazeti la magari kwa wauza vitabu vya mitumba. La Kiingereza, kurasa nyingine hazipo. Lakini ukurasa wetu upo. Toleo jipya la Malkia liko njiani! Picha ya maana hakuna, gari limefunikwa turubai, unaona mabega tu. Wanasema injini mbili zinatarajiwa. Moja ni V8, silinda nane, nguvu za kutisha. Nyingine ni petroli na umeme pamoja, mota imejificha kwenye gia, betri nyuma ya kiti. Tumeiita mseto, kama zile serikali za mseto za redioni.

Tukapiga kura. Mchezo wetu tangu vije vyama vingi. Sharifu kidole kimoja, V8. Mpondele kidole kimoja, V8, maana yeye humfuata mwenye gari. Mimi viwili kwa mseto, cha shahada na cha kati. Sare. Sharifu akapiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Wizi wa kura! Mgogo huyu, babu zake walitoza misafara ushuru wa maji ya kunywa, naye leo anatutoza kura! Nikamjibu kwamba babu yake alitoka Unyamwezi na mzigo wa mtu mwingine kichwani, alipofika hapa akachoka, akautua, na ndiyo maana ukoo mzima uko Majengo hadi leo unauza spea.

Mtani wangu huyo. Jumapili bila matusi yake naiona kama sijaenda kanisani.

Jumatano, 7 Agosti

Gereji. Pikapu ya muuza mbao, gasketi imeungua. Basi dogo la Kondoa, beringi ya pampu ya maji. Wenyewe walisema ni gia. Niliweka bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, nikasikia pale pale inaposaga.

Shirika la mabasi lilipouzwa tulipewa barua za kuachishwa mafundi wote kwa siku moja. Mabasi yakaenda kwa watu binafsi, wenye nguvu wakaenda Dar, mimi nikabaki na sanduku la spana. Mkono huu na sikio hili ndivyo vinavyoilisha nyumba. Sina kingine.

Fundi mkuu wa shirika, Mungu amrehemu, alitufundisha kanuni moja kabla ya zote. Kisikilize chuma. Kikinyamaza, ingiza mkono. Kikisema, toa mkono. Sijawahi kuikiuka.

Jumapili, 18 Agosti

Mpondele alipita intaneti kafe ya Uhindini akachapishiwa karatasi. Nyingi uvumi mtupu. Mmoja anasema V8 itatoka na gia sita. Mwingine anasema mseto itakuwa na kasi kuliko V8, maana mota ya umeme haisubiri kupanda resi, inavuta papo hapo. Nikasoma hapo kwa sauti mara mbili. Sharifu akaziba masikio kama mtoto.

Yeye anataka mngurumo. Anataka bibi harusi akitoka Uhindini, Majengo waanze kupiga vigelegele kabla ya kumwona. Anasema gari lisilo na sauti ni mchumba bubu, utajuaje kama amekubali?

Mimi nataka nini? Leo nimejiuliza sana. Kwenye mabasi ya shirika tulikuwa tukishuka vilima vya Gairo na abiria sitini na mbuzi juu ya keria. Breki zinanuka, ngoma zimekuwa nyekundu, dereva anasali. Nguvu yote ile inakwenda kwenye moshi. Mimi nimekaa pale pembeni nawaza, jamani, hakuna mtu wa kuiokota hii? Sasa huko mbali kuna mtu kaiokota. Ukikanyaga breki, betri inajaa. Mtu huyo sijamwona lakini aliwaza nilichowaza mimi kwenye basi bovu. Nataka kufungua boneti yake niangalie. Basi.

Nimemwambia Roza kwamba magari hayo yakianza kuja kwa mitumba, fundi wa kwanza wa mseto Dodoma nzima atakuwa mume wake. Akasema fundi wa mseto aanze na mlango wa choo, bawaba imekatika tangu Pasaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Lipo! Mpondele kaliona kwa macho yake njia ya Makutupora. Si Malkia mpya, ni kadogo, kabaya kama kiatu, lakini ni mseto. La mgeni mmoja, mtaalamu wa zabibu, kaja na gari lake kwenye kontena. Mpondele anasema lilisimama kuwapisha ng'ombe likawa kimya kabisa, akadhani limekata moto. Kisha likaondoka kama linateleza. Wachungaji walicheka.

Nilimfanya anisimulie tena na tena. Ulisikia nini? Hakuna. Kabisa? Kabisa, fundi, matairi tu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mtaalamu mwenyewe kaja gereji! Mpondele alimwelekeza. Kiswahili chake cha kuungaunga, mtu mpole, kaamkia kila mtu mpaka kuku. Mkanda wa injini unalia asubuhi, anahisi vumbi limeuingia. Analileta Jumatatu.

Nimefua ovaroli. Roza kanitazama akasema hata harusini kwetu hukupiga pasi hivi. Sharifu anasema atakuja kuangalia adui. Anajidai. Najua naye hana usingizi.

Jumapili, 22 Septemba

Naandika kwa kushoto.

Herufi kama kuku kapita. Inatosha leo.

Jumanne, 24 Septemba

Nataka niliandike lote mara moja, lisinizunguke tena kichwani.

Jumatatu ile, tarehe tisa. Mtaalamu alileta gari saa nne asubuhi, akaacha ufunguo, akaenda posta kwa miguu. Alisema nimsubiri, tutaangalia pamoja. Sikuweza kusubiri. Sharifu ndiye hakuweza zaidi. Yeye aliyeapa kwamba mseto ni ushamba alikuwa wa kwanza kukaa kwenye usukani. Akalizungusha uwanjani, mbele, nyuma, anacheka peke yake. Akaniita, mtani, njoo usikie, hakuna kitu! Sijamwona na furaha ile hata siku aliyomnunua Malkia.

Akalisimamisha. Injini ikanyamaza. Sharifu akasema limezima lenyewe, si nilikwambia mchumba bubu. Nikafungua boneti. Nikaweka bisibisi, sikio kwenye mpini. Kimya. Nikahamisha ncha, nikasikiliza tena. Kimya kabisa. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitaa kimewaka na maandishi ya Kijapani. Wote wawili tulikiona. Hatukujua kinasema gari liko tayari kuondoka.

Kikinyamaza, ingiza mkono. Nikaingiza. Nilikuwa naupima mkanda kwa vidole, kama umelegea.

Sharifu aliona joto. Akabonyeza kiyoyozi.

Injini ikawaka. Hakuna aliyegusa ufunguo. Mkanda ukanivuta hadi kwenye puli.

Vimekwenda viwili. Cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, kwenye mzizi.

Jumatano, 25 Septemba

Mtaalamu alikuja hospitali akakaa kitandani kwangu akalia machozi mbele ya wagonjwa wote. Ndiye aliyenieleza. Injini ile hailali, inasinzia tu. Ikihitajika inaamka yenyewe. Alisema kosa lake, asingeacha ufunguo. Nilimwambia hapana. Sina kinyongo naye hata kidogo.

Ajabu ni kwamba katikati ya maumivu nilimuuliza, ikisinzia, kiyoyozi kinategemea ule mkanda? Akasema ndiyo. Nikasema nilidhani hivyo. Roza alinitazama kama nimerukwa na akili.

Alhamisi, 26 Septemba

Namchukia Sharifu.

Nimeliandika. Lilikuwa kooni tangu wiki ile. Asingekaa kwenye usukani. Asingegusa vitufe asivyovijua. Mtu mzima, anavumilia jua la Dodoma miaka hamsini, siku hiyo ndiyo akaona joto!

Najua na mimi niliingiza mkono. Najua. Hainisaidii.

Jumapili, 29 Septemba

Kuhusu mazishi. Sijaliandika bado.

Nesi alimuuliza Roza vile vitu vifanyweje, vichomwe? Mama yangu alikuwa amekwisha fika kutoka Bahi na basi la mapema. Akasema hakuna kitu cha mwanangu kitakachochomwa kama takataka. Alivizaa yeye, vitalala kwao. Wakavifunga kwenye kitambaa cheupe, ndani ya kopo la maziwa. Nikaruhusiwa Ijumaa ya wiki ile ile, Jumamosi tukawa Bahi.

Kwetu kaburi la Mgogo linachimbwa na mtani. Mama hakuuliza kama hili ni kaburi au si kaburi. Akaagiza, mleteni mtani wake. Sharifu akaja na Malkia mpaka uani, njia yote ile ya mashimo, hakujali. Akamwamkia mama. Akavua koti akachimba nyuma ya zizi, mahali pa babu. Shimo dogo tu, la kupandia mche, lakini alichimba kwa muda mrefu, ardhi ya ukame ngumu. Akaweka kopo. Akafukia. Akapigapiga udongo kwa kiganja.

Wote tukasubiri. Hapo ndipo mtani husema. Baba alipokufa Sharifu alilala kaburini kabla ya jeneza, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na kwamba mzee huyu alikuwa mchoyo hata shimo lake dogo. Mama alicheka katikati ya kilio. Ndiyo kazi ya mtani, anakutoa kwenye kifo kwa kukutukana.

Sharifu hakutania. Akasema pole mama, pole ndugu Elia, akavaa koti.

Ndugu Elia! Miaka yote hii hajawahi kuniita kwa jina.

Alipoondoka mama akatema mate pembeni. Mtani gani huyu, kaja kuzika kama mgeni. Hapa hapajazikwa kitu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sharifu kaleta mchele. Kaketi kwenye ncha ya kiti, kaulizia kidonda, kaondoka. Juzi alileta mafuta ya taa. Kabla yake maziwa. Anakuja kila siku kama mtu anayehudhuria kliniki. Haniangalii mkono. Haniiti mtani.

Nilidhani nitafurahi kumwona anajuta. Sifurahi. Ananitisha. Mtani akinyamaza mbele yako, ujue anakuona umekwisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimefungua gereji. Kidonda kimefunga.

Spana namba kumi ilianguka mara nyingi sikuhesabu. Gumba halina mwenzake. Kidole cha pete na kidogo vinajaribu, lakini ni kama kuwapa kazi wajomba wawili wavivu. Plagi sikuweza kabisa. Mwenye gari, mteja wa siku zote, alisimama akatazama, kisha akasema kwa upole kwamba amekumbuka ana safari, atarudi kesho. Jioni niliona gari lake kwenye gereji ya jirani.

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vile vile.

Kisha nikagundua jambo baya zaidi. Nilichukua bisibisi nikaweka sikioni kusikiliza pikapu, nikasikia vizuri tu, valvu moja imelegea. Nikaondoa haraka. Sikio lipo zima. Lakini siliamini tena. Lilisema kimya, na kimya kile kilikuwa uongo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Malkia yuko kazini kila siku. Watu wanaoa kwa fujo kabla ya Ramadhani. Jumapili hakuna kuosha, Sharifu anasema anapeleka kwa waosha magari wa barabara kuu. Uongo. Jana limepita hapa na maua ya plastiki kwenye boneti, uchafu mtupu kwenye rimu.

Hataki tukutane. Ndiyo maana yake.

Alhamisi, 24 Oktoba

Roza kalitamka leo. Kwamba kaka yake Singida ana shamba la alizeti, anahitaji msimamizi. Kazi ya kuelekeza watu, mikono haihusiki. Alisema akiwa anasonga ugali, amenipa mgongo, kwa hiyo najua alikuwa analia.

Nilitoka nikaketi kwenye tairi. Mimi si mkulima. Nikiondoka hapa, sitarudi kwenye injini maisha.

Jumanne, 29 Oktoba

Jaribio. Nimefunga mpini wa spana kwenye kiganja kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Inashika. Inauma, lakini inashika. Nimefungua filta ya mafuta ya basi la Kondoa, kwa muda wa kuchukiza. Mwenye basi alinisubiri, akaagiza chai, hakuondoka. Mungu ambariki mtu yule.

Singida bado sijajibu.

Jumanne, 5 Novemba

Mpondele kaja na gazeti jipya. Safari hii jipya kweli, bosi wake alishuka nalo kwenye ndege akalisahau kwenye kiti cha gari, yeye akalidaka. Alimpitia Sharifu kwanza, wakaja pamoja. Mara ya kwanza sisi watatu kukaa pamoja tangu siku ile.

Turubai limetolewa. Loo, ni zuri! Siwezi kusema uongo. Limelala chini, bega pana, taa zimerefushwa kama macho yaliyopakwa wanja. V8, gia sita, kila kitu kama wanavyotaka wao. Mpondele akatafsiri taratibu, kidole chini ya mstari. Kisha akafika aya ya mwisho akasita. Nikamwambia soma.

Mseto hakuna. Wameiahirisha. Wanasema toleo hili litatoka na petroli tu, mseto wa gari kubwa namna hii huenda ukaja toleo la baadaye, miaka mingine. Huenda. Neno hilo hilo.

Nikamtazama Sharifu. Alikuwa ameshinda. Ubishi wa miezi, gazeti liko mkononi, mshahidi yupo, tena kesho ni mfungo hana muda mwingine wa kujidai. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimtaka aseme! Anitukane mimi, na babu zangu, na mota yangu ya kujificha. Akakunja gazeti mara mbili, akalirudisha kwa Mpondele, akasema si kitu, ndugu yangu, Mungu ndiye mpangaji.

Walipoondoka niliingia chooni nikalia. Mlango haufungi, nikaushika kwa mguu.

Vidole viwili nilivitoa kwa ajili ya kitu ambacho hakiji. Hilo naliweza. Lakini la kuhurumiwa na Sharifu siliwezi.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada mama kafika, kaleta karanga na samaki wa kukausha wa bwawani. Kawapa mbukwenyi, salamu ya kwetu, watu wote wa nyumba, kisha akaushika mkono wangu akaugeuza huku na huku kama anachagua kiazi sokoni. Akauliza, mtani amesema? Nikasema bado. Akasema basi, ndiyo maana unaonekana hivi. Vidole vyako viko juu ya ardhi vinazurura.

Nikasema nimwombe aseme? Mama akanikaripia. Utani wa kuombwa ni wimbo wa kulipiwa, haupozi kitu. Lakini akaongeza, huku akimenya karanga, kwamba mtani ni kama moto wa jikoni. Ukipoa haufufuki wenyewe. Mtu hupuliza.

Sikumwelewa hadi alipokwisha lala. Mimi pia sijamtania tangu siku ile. Sijamwita mtani. Nilikaa nikimsubiri yeye, na yeye akatazama uso wangu akaona chuki, na chuki ilikuwepo, hakukosea.

Sasa je? Sasa hata sijui ilikwenda lini. Nimeitafuta jioni hii yote, siioni.

Jumatano, 27 Novemba

Nimekataa Singida. Roza akasema alijua.

Kazi mbili leo. Zote polepole. Spana ya raba imepata umaarufu, watu wanasimama kuangalia. Nimerudi kutumia sikio. Nasikiliza, kisha naomba ufunguo uwekwe mfukoni mwangu, ndipo naingiza mkono. Kanuni ya fundi mkuu nimeiongezea kipande. Sidhani angekasirika.

Ijumaa, 6 Desemba

Idd. Sharifu kaleta pilau sinia zima. Nguo mpya, manukato, uso wa msiba. Nikamwambia Jumapili namtaka Malkia hapa kwangu, tunaosha. Akaanza habari za waosha magari wa barabara kuu. Nikamwambia sikumuuliza.

Jumapili, 8 Desemba

Tumemwosha Malkia.

Mpondele vioo. Mimi magurudumu, kwa kushoto. Sharifu alichukua kitambaa akataka kunisaidia, nikamfukuza, nikamwambia akasimame kivulini mahali pake. Akasimama. Kahawa ilipoa mkononi mwake hakuinywa.

Tulipomaliza nikasema tupige kura.

Mpondele akasema lakini fundi, gari limeshatoka, V8 imeshashinda. Nikasema kwetu matokeo hayatangazwi na gazeti. Wanaotaka V8! Mpondele akanyoosha kidole, nusu. Sharifu akatazama chini, kisha akanyoosha chake, taratibu, kama anatoa ushahidi mahakamani. Nikasema sawa. Wanaotaka mseto! Nikainua mkono wa kulia juu kabisa, mbele ya uso wake. Gumba, nafasi, kidole cha pete, kidogo.

Kama asingesema hapo asingesema tena.

Akautazama. Mara ya kwanza anautazama. Akafungua mdomo, nikadhani atasema pole, na angesema pole ningempiga.

Akasema, aa wapi, mtani, leo umeshindwa. Zile kura zako mbili za wizi nilizizika Bahi mimi mwenyewe, ndani ya kopo la maziwa.

Kisha akaendelea, ikawa kama bomba limepasuka. Kwamba miaka yote alikuwa akijua njia pekee ya kumzuia Mgogo asiibe ni kumpunguza vidole. Kwamba babu zangu wangetozaje ushuru wa maji na mkono kama uma uliovunjika. Kwamba mchumba wangu bubu kumbe ana meno. Mpondele aliziba mdomo kwa kitambaa cha vioo. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope. Nikamjibu, hata la maana sikumbuki, kitu kuhusu mpagazi aliyeona joto kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini. Alipolisikia hilo akaacha kucheka. Akakaa kwenye tope na yeye, na kanzu yake ya Idd, akalia kwa sauti. Nilimwekea mkono begani. Ule ule.

Mpondele akaenda kufuta kioo kilichokwisha kufutwa.

V8 mbili, mseto sufuri. Nimekubali matokeo.

Baadaye Sharifu aliuliza kama toleo la baadaye kweli litakuja na mseto. Nikamwambia litakuja. Akasema likija tutalifungua pamoja, lakini ufunguo utakaa kwa Roza.

Jioni mvua imenyesha kidogo, ya kwanza msimu huu. Nimefunga bawaba ya mlango wa choo kwa spana ya raba. Kesho napanda basi la asubuhi kwenda Bahi, mama lazima aambiwe kwamba vimezikwa.